Pai ya Siku ya Mia

Kibanda cha Chai,
Kona ya Soko, Thap Thiang,
Trang.

9 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Phimphan,

Pokea salamu kutoka kwetu, ambako mvua haijakatika hii wiki ya pili na nguo tunazikausha kwa pasi. Hujambo wewe? Jesper hajambo? Na Mali, lile jino la mbele limeshaota? Mguu wako ulioteguka pale ulipoteleza kwenye barafu, unakanyagia vizuri sasa au bado unachechemea? Sisi tu wazima. Mama anakula, analala, na ameanza tena kuigombeza redio, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Usijilaumu kwa kutokuja. Likizo yako yote iliishia kwenye mazishi ya Baba, na kila mtu anajua hivyo. Siku ya mia tangu Baba atutoke imepita salama. Watawa walikuja, wakasoma sala, wakala, wakatubariki. Nami nina habari ambayo nimeibeba siku tatu nikitafuta mtu wa kumtambia. Mtu mwenyewe ni wewe.

Kwanza nikwambie jambo tulilokuficha. Unakumbuka Shangazi Kimlang alivyokuwa akigonga meza kwa glasi yake mara mbili, na Baba anamletea glasi ya pili bila kuuliza? Miaka arobaini, kila asubuhi. Basi tangu nilipoushika mimi mfuko wa kuchujia chai, hajagonga hata siku moja. Anakuja, anakaa kiti chake kilekile, anakunywa nusu, nusu anaiacha. Siku ya hamsini ilipopita akamwambia Mama, “Chai ya kaka yangu imekwenda naye. Ikifika siku ya mia, hiyo kona yangu nampangisha muuza simu.” Mama alilia. Mimi sikulia, nilikasirika.

Kwa hiyo barua yako iliposema nimwokee Baba pai ya chai yake kwa ajili ya siku ya mia, wewe uliona kitu kitamu cha sadaka. Mimi niliona utetezi wangu mbele ya Shangazi.

Sahani yako ya kuokea pai rafiki yako aliileta Jumanne asubuhi, imeviringishwa kwenye soksi za sufu, haina hata ufa. Shughuli ilikuwa kesho yake. Siku ya kujaribia sikuwa nayo, na mimi pai sikuwahi hata kuila, sembuse kuipika.

Maelezo yako yanasema siagi ibaki baridi. Mdogo wangu, huku siagi inayeyuka ukiitazama tu! Kinyunya cha kwanza kilinitiririka mezani kama uji. Nikakaa chini, nikafikiri, nikakumbuka kwamba tuna sanduku zima la barafu ya chai. Cha pili nikakikandia kwenye bakuli lililokaa juu ya barafu, nikakilaza humo sandukuni, halafu nikakisukuma kwa chupa ya sosi ya samaki. Kikatii.

Shangazi alikuja kusimamia jiko, bila kuitwa. Akaitazama ile sahani. “Tangu lini chai ikakatwa kwa kisu?” Nilikuwa nimeshachuja chai, nimechanganya na mayai na maziwa mazito ya kopo, na nimeingiza kidole nionje.

“We Uraiwan! Hicho kidole kinakwenda wapi? Chakula cha watawa kinaonjwa siku hizi?”

Alisema kweli, chakula cha watawa hakionjwi kabla yao, tena mimi ndiye niliyesahau. Nikanawa mkono. Lakini fikiria, Phimphan. Pai ya kwanza maishani, siku yenyewe ni kesho, kibanda kinaning'inia juu yake, na siruhusiwi hata tone ulimini!

Ndipo nikamkumbuka Baba. Kisukari kilipompata, daktari alimkataza chai yenye maziwa na sukari, na kwa miaka kumi na miwili aliitengeneza bila kuionja. Alikuwa akiitia kwenye kile kijiko cheupe na kuangalia rangi, anainusa, halafu anaimimina kutoka juu na kusikiliza inavyoanguka. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake miaka yote hiyo nikiosha glasi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Nikakichukua kijiko cheupe. Rangi ilikuwa imepauka. Chai ya barafu Baba aliikoleza zaidi kwa sababu barafu inaiba ukali, nikaona mayai nayo ni wezi vilevile. Nikachemsha majani mengine, nikayaacha yatoe kila yalichonacho, nikachanganya upya hadi kijiko kikawa na rangi ya tofali lililolowa. Nikamimina kutoka juu, nikasikiliza. Shangazi alinitazama muda wote huo.

Unaniandikia joto mia na themanini. Makaa yangu hayana namba. Nilitumia sufuria kubwa la Mama, makaa chini, mengine nikayapalia juu ya kifuniko, kama bibi alivyokuwa akioka vibiskuti. Upande mmoja uliungua kidogo. Kipande cha upande huo nilikiweka mbele ya picha ya Baba, kwa kuwa yeye hana maneno.

Watawa walipomaliza, vipande vilivyobaki tukagawana sisi wa nyumbani na majirani. Shangazi alichukua kidogo kuliko vyote, akakimega kwa ncha ya kijiko kama anayeokota unywele kwenye mchuzi. Akatafuna. Akamega tena. Halafu akakimaliza, akashika glasi yake ya maji iliyokuwa tupu, akagonga meza mara mbili.

Mama akafunika uso kwa kitambaa.

“Nikuongezee kipande, Shangazi?”

“Kipande cha nini? Nimegonga glasi, sikugonga sahani. Lete chai!”

Aliinywa mpaka chini. Jana na leo amegonga tena kibandani, na muuza simu ameambiwa akatafute kona nyingine. Najua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini niache nijivune hata mwezi mmoja. Nimeweza, mdogo wangu. Nimeweza!

Utaniuliza ladha yake ikoje. Sijui. Nilipofika kuchukua changu, sahani ilikuwa tupu na Mama ameshapitisha kidole ukingoni. Mwanzoni niliona uchungu, sasa sioni. Baba aliwanywesha watu miaka kumi na miwili kwa namna hiyohiyo.

Nisalimie Jesper, na umbusu Mali kwa niaba ya bibi yake. Mama anakusalimu sana. Shangazi Kimlang naye anakusalimu, na anasema ulete sahani nyingine kubwa zaidi. Wema tulioutoa siku ile uwafikie nanyi huko mliko, muwe na afya na usingizi mwororo.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,

Uraiwan,
mtengeneza chai wa kona ya soko.