Mpangaji Ndani ya Jani

Kitaluni, nyumba ya nyuma,
Sanduku la posta ni lile lile.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi, tena nyingi kweli, maana ni za miaka minne. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na huyo mtoto ambaye hajamwona shangazi yake. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua, ulimi hausumbuliwi na kitu. Baba anakula vizuri na kununa vizuri.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimeijaribu mara tatu, na kila nikisikia sauti yako naishia kukuuliza habari za mvua. Kwenye karatasi angalau siwezi kusingizia mtandao.

Kitalu kipo. Tumekipanua upande wa tangi, tumeongeza mipera na milimau, na banda la kivuli limepata wavu mpya. Baba bado anawahi asubuhi na ndoo yake na kitambaa, anafuta majani mche mmoja mmoja ili mteja akija akute yanang'aa. Bado anaita kazi hiyo kuwanawisha watoto. Na mimi bado namfuata nyuma na kitambaa changu, tunachovya ndoo ile ile moja, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja.

Sasa nisikilize. Mwezi uliopita yale madoa ya mwaka ulioondoka yalirudi. Yale yale, Kaka: ya mviringo, rangi ya kutu, na ukiyagusa yana vinywele laini. Yalianza kwenye mipera iliyo karibu na tangi, na baada ya wiki chache yalikuwa banda zima. Bomba la dawa lilikuwa limening'inia ukutani tangu mwaka jana, hakuna aliyeligusa. Baba alilitazama bomba, akayatazama majani, akaingia ndani bila kunywa chai yake.

Alikaa hivyo siku mbili. Mama ndiye aliyechoka, akamtafuta mama mmoja wa maabara ya mimea, naye akaja na hadubini ndani ya mkoba. Alikata kipande cha jani chembamba mno, akakiweka chini ya kioo, akamwita Baba aangalie. Unamjua mzee wako. Alichungulia weee, kisha akabisha kwamba kitu cha kijani kikikaa ndani ya kitu cha kijani hakuna wa kukiona. Mimi nilipochungulia nilikiona. Chini kidogo ya ngozi ya jani kulikuwa na nyuzi nyuzi zimetandaa, kimya kabisa, zimejikalia kama kwao.

Yule mama alisema huo ni mwani, wa ukoo mmoja na ukijani unaoota kwenye ukuta wa tangi letu. Ila wa aina hii haukai majini, huishi ndani ya jani. Nikamwambia basi ni mpangaji aliyekuja na jiko lake, maana anajipikia mwenyewe kwa mwanga wa jua kama jani linavyojipikia, haombi chakula cha mwenye nyumba. Alicheka, akasema ndivyo, lakini huyu wetu anabomoa na kuta. Kuna wengine huko kwenye misitu ya joto wanaoishi ndani ya majani na mmea usiumwe sana. Wetu akitaka kuzaa hutokeza juu ya jani na rangi ya kutu, na asiyejua atasema limeunguzwa na dawa. Mbegu zake huogelea. Tone moja la maji linatosha kumvusha kutoka jani hili hadi lile.

Kisha akauliza, kwa upole tu, vile vitambaa ni vya nini. Baba alikuwa ameshika chake.

Kaka, haikuwa dawa yako. Hukuunguza hata jani moja. Ni sisi tuliokuwa tukiyasambaza madoa kila asubuhi, kwa bidii na kwa mapenzi.

Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mwema, ila nitakuwa nimekudanganya. Siku ile ulipochanganya dawa, mimi ndiye niliyekushikia kikombe cha kupimia. Ulipima mara mbili, ukaniambia nisome mstari kwa sauti. Nilisoma, na kipimo kilikuwa sawasawa. Baba alipokufokea mbele ya wateja kwamba umekadiria kwa macho, nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Niliinama nikajifanya nang'oa magugu. Nilimwogopa, na, nitasema yote, nilifurahi kidogo kwamba safari hiyo aliyefokewa si mimi. Sikujua kama ungefunga mizigo. Nimeona aibu miaka yote minne.

Juzi nilimwambia Baba. Tulikuwa tunakata majani yenye madoa ili tuyachome. Nilijiandaa kwa makelele. Alimaliza kwanza mche uliokuwa mkononi mwake, ndipo akasema, "Basi tuliomfukuza ni wawili."

Baadaye aliniomba nikuandikie, kwa sababu yeye, anasema, hajui mtu huanzaje barua kama hii. Nami sikujua, ndiyo maana umesoma kwanza habari za goti.

Wifi mpe salamu zangu za dhati, na mtoto mbebe kwa niaba yangu. Mama anasema uvae sweta. Mjomba fundi cherehani anakusalimu na kukukumbusha kwamba suruali yako bado iko kwake, ingawa anakiri nondo wamepita. Binamu yetu mwalimu naye hajambo.

Sikuombi urudi, una maisha yako huko. Nakuomba unisamehe, na ukiona bado huwezi, niache nisubiri, nastahili. Lakini Baba usimsubirishe. Tangu nianze kuandika ameshaniuliza mara mbili barua huchukua siku ngapi kufika kwako, na ngapi kurudi.

Mungu awatunze nyote watatu, mlale salama na kuamka salama.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba