Chai Aliyoisaza Baba

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi. Ukungu umelala kwenye migomba tangu asubuhi, na mlima sijauona tangu nilipofika Machame. Naandika nikiwa jikoni kwa baba, miguu karibu na moto, sweta mbili mwilini. Nimelia kidogo, nikaacha, nikalia tena.

Leo tulishuka Moshi mjini, mimi na baba, kununua pumba za ng'ombe. Tulipomaliza akasema twende kwa Bibi Aikande tukanywe chai. Nilifurahi, maana siku hizi baba hasemi sana. Sauti yake imekauka. Kila nikimuuliza kwenye simu hunijibu kwamba ni baridi tu. Na huyu ni mtu aliyeimba besi kwenye kwaya ya usharika tangu sijazaliwa.

Kama hupafahamu kwa Bibi Aikande, pole. Ni chumba kimoja nyuma ya soko, meza chache zenye vitambaa vya kufuma, na sheria nyingi kuliko darasa la kipaimara. Ukiingia unavua kofia. Unasalimia meza zote, hata kama yupo mtu mnayegombania naye mpaka wa shamba. Simu inaingia kwenye kikapu. Kiti huchagui, unapangiwa. Chai haipulizwi. Mkubwa ndiye anayemiminiwa kwanza, lakini kabla yake Bibi Aikande anajimiminia kidogo kwenye kikombe chake cha bati na kuonja mbele yenu, vile vile ambavyo huku kwetu mwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja ndipo mgeni apewe. Mwenyeji ndiye anayeonja. Ukimaliza, unakifunika kikombe kifudifudi kwenye kisahani.

Na chai haisazwi. Hiyo ndiyo amri kuu. Niliwahi kumwona dereva wa lori, pande la mtu, akiulizwa mbele ya watu chai ina kasoro gani. Aliimaliza ikiwa imepoa huku akiomba radhi, na sisi tukacheka mpaka tukafutana machozi. Sheria zote hizi nilifundishwa na baba nikiwa mdogo. Nikianza tu kupuliza chai alikuwa akinibana goti chini ya meza.

Leo Bibi alitupangia meza ya dirishani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nimenenepa. Alionja, akammiminia baba, akanimiminia mimi. Chai ya maziwa na tangawizi, ya moto, ile yenyewe. Nikaanza kumsimulia baba habari za kazini kwangu Arusha. Alikunywa funda moja, akafumba macho. Akanyoosha shingo juu kama kuku anayekunywa maji, akangoja, ndipo ikashuka. Akajifuta mdomo kwa leso na kunipungia mkono niendelee kusimulia.

Niliona. Sikutaka kuona.

Nikakumbuka mtori. Kila nikija nyumbani miezi hii namkuta na mtori, ile supu laini ya ndizi wanayopewa wazazi, asubuhi mtori, jioni mtori, nyama haigusi. Mara ya mwisho nilimtania kwamba anakula kama mzazi, nikamuuliza huyo mtoto aliyemzaa yuko wapi. Alicheka bila kutoa sauti. Nikadhani ni uzee, na kwamba meno yamechoka.

Mimi nilimaliza, nikafunika kikombe changu. Chake kilikuwa bado nusu, na utandu wa maziwa umeanza kujikunja juu. Alikinyanyua, akakirudisha. Akakinyanyua tena, akakirudisha. Kisha akatazama mlangoni. Baba yangu, anayesalimia meza zote bila kuruka hata moja, alikuwa anatafuta pa kukimbilia.

Bibi Aikande akainuka. Watu wakanyamaza, maana pale kila mtu anaupenda wakati huo ilimradi si yeye anayeulizwa. Nilitamani nikinyakue kile kikombe nimalize kabla hajafika, lakini kugusa kikombe cha mkubwa nako ni marufuku.

"Chai yangu ina kasoro gani, mbe?"

Huku kwetu mbe ni wito wa heshima kwa mwanamume, mae kwa mwanamke. Baba alikunja leso yake.

"Haina kasoro, mae. Haipiti."

Haipiti.

Alimwambia yeye, si mimi. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cha meza.

"Tangu lini?" Bibi alikuwa ameshusha sauti.

"Tangu Pasaka. Daktari ameshaniambia ni nini. Huyu bado sijamwambia."

Huyu ni mimi. Nimekaa pale pale, magoti yetu yanagusana.

Nilidhani Bibi atamwacha baba aende zake, na hakuna ambaye angelaumu. Badala yake aligeuka akawatazama watu mpaka kila mmoja akarudi kwenye kikombe chake. Kisha akakisukuma kile cha baba mbele yangu.

"Cha mkubwa kikibaki, mtoto wake anamalizia. Kunywa."

Huku kwetu mzee akisaza mbege kwenye kibuyu haimwagwi. Anapewa aliye chini yake, na hiyo ni baraka. Kama kwenye chai nako sheria hiyo ipo, au Bibi aliitunga palepale, sijui. Nilikunywa. Ilikuwa imepoa, utandu ukaninasa mdomoni, na sukari ilikuwa nyingi, kama anavyopenda baba. Nilikunywa taratibu huku machozi yananitoka, na sikusikia mtu akisema kulia kumekatazwa.

Baba alikichukua kikombe mkononi mwangu, akakifunika mwenyewe.

"Aika, mwanangu," akasema.

Asante hiyo ya kwetu, siku zote mimi ndiye ninayemwambia yeye.

Tukiwa njiani kupanda nyumbani alinieleza, maneno machache machache, akipumzika katikati. Ni koo. Ni ule ugonjwa ambao huku watu hawautaji kwa jina. Daktari alimwambia aende hospitali kubwa akaanze matibabu, naye amekuwa akiahirisha kwa sababu hajui ng'ombe atamwachia nani. Ng'ombe! Nilimfokea barabarani, mimi, nikamfokea baba yangu. Hakunikemea, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Nikamwambia ng'ombe nitawakatia majani mimi, kazini nitaomba ruhusa, na Jumatatu tunakwenda wote. Baba akisema "tutaona," ujue ni hapana. Leo alisema "haya."

Naogopa. Naogopa kwamba "haya" hii imechelewa.

Kesho ni Jumapili. Atavaa joho lake la kwaya, atasimama na wenzake wa besi na kuchezesha midomo, na mimi nitakaa mahali ambapo nitamwona. Kabla ya hapo kuna chai ya asubuhi. Nitaipika nyepesi, nitaiacha ipoe, nitamimina kidogo tu. Na kabla ya kumpa nitaonja, nijue kama inapitika. Kuonja ni kazi ya mwenyeji, na katika nyumba hii mwenyeji ni yeye. Sitaki kumpokea kazi hiyo.

Lakini nitaonja.