Kazi Yangu Ilikuwa Kukaa Zuliani

Dada yangu Nsimire,

Habari za Bukavu? Mgongo je, bado unakusumbua ukiinama kufua? Sisi huku Sydney ni wazima, na leo nacheka peke yangu, kwa hiyo keti usome polepole.

Unajua mke wangu Faida alilazwa hospitali miezi kadhaa baada ya kujifungua, akili imechoka, nikabaki na Asifiwe wetu. Corona ilikuwa imefunga milango yote, hakuna wa kunisaidia. Siku mbili nikamwacha mtoto na binti wa jirani, miaka kumi, ili niwahi zamu ghalani Smithfield. Kwetu si ndivyo? Wewe ulinibeba ukiwa na miaka tisa. Huku ni kosa kubwa. Kesi ikafika mahakamani, na hakimu akaamua mimi na mtoto tukae majuma manane katika nyumba moja karibu na Auburn, wafanyakazi waangalie kama naweza kulea. Nikishindwa, Asifiwe angepewa watu wengine. Sikukuambia wakati ule, dada. Niliogopa, na niliona aibu.

Basi nikaingia. Ulinifundisha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja hiyo ya tatu. Nikasugua jiko, nikaosha madirisha, nikakata majani, hata mlango wa banda nikautengeneza. Asifiwe alikuwa msafi, ameshiba, ametulia kitandani kwake akitazama dari. Kila nilipopita na fagio, Mama Helen, mzungu mwenye mvi aliyekuwa akituangalia, aliandika. Nikadhani ananisifu.

Mwisho wa juma la pili akanisomea. Baba ni mchapakazi, aliandika, lakini sijamwona akicheza na mtoto hata mara moja. Mtu mzima na ndevu zake acheze na mtoto wa miezi minane? Kwetu watoto huchezeshwa na watoto. Mama Helen akaninyang'anya fagio, kweli kabisa, akanionyesha zulia.

Nikakaa pale kama gunia la mihogo. Asifiwe akanitazama, nami nikamtazama, na nadhani sote wawili tuliona haya. Ndipo Mama Helen akaniuliza, "Wewe ulipokuwa mdogo, nani alicheza na wewe?"

Nikamwambia ni dada yangu. Akataka kujua ulifanyaje, na Kiingereza kikaniishia. Nikalala chali, nikashusha barakoa, nikamlaza Asifiwe juu ya miguu yangu, nikamshika mikono na kumpandisha juu, vile ulivyonifanyia mimi kila ulipotoka mtoni. Dada, mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi! Mama Helen akasahau kuandika.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu wa kila asubuhi baada ya uji. Hospitali haikuruhusu wageni, kwa hiyo nikampigia Faida simu ili asikie.

"Ni mutoto wangu huyo anacheka?" akasema. "Weka simu karibu naye."

Akalia kidogo, kisha akacheka naye.

Jana hakimu alizungumza nasi kwa video. Asifiwe anabaki kwangu. Faida anarudi Jumatatu, kazini wamenipa zamu ya mchana, na mtoto amepata nafasi kwa walezi wa mchana wenye kibali. Mama Helen atapita kututazama kwa muda, na safari hii nimemwonya kwamba fagio nimelificha.

Msalimie shemeji yangu, mume wako, na umwambie kwamba mimi, shemeji yake, bado ni mwembamba. Mpe salamu shangazi anayeuza samaki wadogo wa sambaza sokoni. Mchungaji mwambie aache kuniombea utajiri, hiki nilichopewa kinatosha.

Jambo la mwisho. Hakimu alisoma sehemu ya ile ripoti kwa sauti, mawakili wote wakisikiliza. Alisoma kwamba baba huyu anajua kucheza na mwanawe, na kwamba alifundishwa na dada yake, Nsimire. Jina lako lilimshinda, akalirudia mara ya pili mpaka likatoka sawasawa.

Ni mimi, mzigo wako wa mgongoni,
Byamungu