Koneta Iliyoondoka na Funguo za Otmari

Mbinga, Jumatano, Juni. Baridi. Ukungu umekataa kuondoka mpaka saa nne.

Naomba radhi kwa kukaa kimya muda wote huu. Mara ya mwisho naandika hapa kwenye blogu, kahawa ilikuwa bado ya kijani. Sasa watu wako mashambani wanachuma. Sina sababu nzuri ya kutoa, ni uchovu tu. Kila nikishika simu niandike, mwanangu Wini naye anaitaka, na kati yetu mshindi ni yeye.

Leo kalala mchana. Acha niandike kabla hajaamka.

Kwa ambaye hanijui: mimi naosha vioo. Tangu mji wetu uanze kujengwa maduka ya vioo na aluminiamu, pamoja na hili vumbi letu jekundu, kazi haikosekani. Mume wangu Otmari anafanya kazi hiyohiyo Dar, kwenye kampuni inayoosha majengo marefu. Alipokuja Krismasi aliniletea fimbo ya aluminiamu yenye burashi kichwani, maji yanapita ndani yake. Unasimama chini, unasugua juu. Hupandi ngazi. Na mtoto anaweza kuwa mgongoni.

Ila fimbo na mpira wa maji vinashikanishwa na kidude kidogo, wenyewe wanakiita koneta. Yetu ilikuwa ya shaba. Nusu moja inakaa kwenye fimbo, nusu nyingine kwenye mpira. Ukizisukuma pamoja zinalia ta! basi, zimeshika. Ukitaka kuachanisha unavuta pete nyuma kwa vidole viwili, na maji yanajifunga yenyewe. Mkono mmoja unatosha.

Mwenye mtoto mdogo ataelewa kwa nini nausifia huo mkono mmoja.

Likizo ile tulifanya kazi pamoja, mimi na yeye. Yeye anahamisha mpira toka bomba hili kwenda lile, mimi nasugua. Wini alikuwa akilia, akisikia ta! ananyamaza, anatazama, anacheka. Otmari akasema kule kwao maji yanachujwa na mashine kwanza ili kioo kisibaki na madoa, lakini haya ya mlimani kwetu yakikauka huoni kitu. Alikishika kioo kwa kiganja. Nilidhani atasema, "Basi nabaki." Akachomoa mpira, akaenda bomba lingine.

Asubuhi ya kuondoka alinisaidia duka moja la mwisho, haraka haraka, mkoba wake uko begani. Akachomoa mpira, akatoa ile nusu ya koneta akaitia mfukoni. Mazoea. Kazini kwao haiachwi kwenye mpira, inaibwa. Alikuja kushtuka yuko Songea.

Alinipigia anacheka. "Mama Wini, nimekuibia. Imekuja kunisindikiza."

Ameitundika kwenye funguo zake. Anasema akiwa huko juu ghorofani, akiishika, anasikia kama niko naye. Siku aliyoniambia hivyo nilifurahi mpaka nikaona haya, peke yangu jikoni. Halafu nikautazama mpira wangu hauna kichwa.

Kweli hakunitupa: baada ya miezi ya kuosha kwa ndoo na kitambaa, vioo vya chini tu, wiki iliyopita akatuma nyingine kwa basi. Za plastiki, za njano, zinafanana kabisa na ya shaba. Nilimpelekea Mzee Saidi wa duka la vifaa vya ujenzi, mzee mwenye asili ya Kilwa, nikamwamkia, akavaa miwani akazigeuza geuza.

"Marahaba mwanangu. Lakini hii na hiyo yako si ndugu. Wamefanana sura tu. Maji yakija na nguvu, watakanana mbele za watu."

Nilijaribu nyumbani bila maji. Zikalia ta! Nikajiambia mzee anataka nikanunue vya kwake.

Jana nikashuka ziwani. Kuna nyumba moja ya wageni upande wa Mbamba Bay naoshaga kila baada ya wiki mbili. Madirisha yake yote yanatazama maji, na msimu huu wale wadudu wadogo wa ziwani, nkungu, wanapanda juu ya maji kama moshi. Upepo ukigeuka wanakuja nchi kavu, wanaganda kwenye vioo mpaka ndani kunakuwa giza. Wenyeji huwakusanya wakapika. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa pale chini alinipigia kelele: "Wee dada wa milimani, unamwaga mboga yetu!" Wenzake wakacheka. Nami nikacheka.

Nikafungulia maji.

Koneta ikafyatuka. Mpira ukaruka kama nyoka, ukamwosha meneja shati lote, ukaingia ukumbini kwenye viti vilivyopangwa kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Nikaomba msamaha. Nikaunganisha tena. Ikafyatuka tena.

Nikafanya anavyofanya kila mtu: nikatafuta kipande cha mpira wa baiskeli, nikafunga, nikakaza kwa meno. Ikashika. Lakini kila nikihamia bomba lingine ilibidi nifungue kwa mikono miwili, na mpira ule ukilowa haufunguki. Na Wini hapendi mgongoni nikiinama. Nikamweka chini, kwenye khanga, kando yangu.

Nilikuwa napambana na fundo. Sijui kwa muda gani. Nikasikia yule mama wa dagaa:

"Wee dada! Mtoto wako huyo anakwenda Malawi bila pasi!"

Nikainua macho. Khanga iko tupu. Wini alikuwa ameshuka ngazi zote za mawe, yeye ambaye ameanza kutembea juzi, na maji yalikuwa yameshamfika magotini. Anapigapiga maji, anacheka. Siku ile upepo wa kusini ulikuwa umeshaanza, mawimbi yanakuja makubwa.

Yule mama alimfikia kabla yangu. Alimbeba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika ungo wa dagaa, akanikabidhi. Hakunisema. Aliniambia tu, "Kaa kwanza. Upumue."

Nilikaa. Nikamkausha Wini kwa khanga palepale kwenye ngazi.

Vioo nilimaliza, Wini nimemfunga mgongoni kwa nguvu, alie asilie. Alilia. Jioni ile meneja alibadili shati, akanifuata getini. Ni kijana mstaarabu, hakupaza sauti. Alisema vioo vimetakata, hilo hana neno. "Lakini dada, ukirudi tena na hayo matambara yako ya kufungia mpira nitaita waosha vioo wa Songea. Siwezi kuona mtoto anaingia ziwani kwenye kazi yangu." Kisha akaongeza, kama mtu anayesema la pembeni: jirani yake mwenye jengo la ghorofa naye anatafuta mtu, na ukumbi mpya pia. "Mngekuwa wawili, na fimbo ya kufika juu, ningekwambia chukua zote. Peke yako, hapana. Una wiki mbili unijibu."

Wawili.

Njia nzima ya kupanda kurudi Mbinga nilikuwa na hilo neno. Wini amelala kifuani, nywele zake bado zinanuka ziwa.

Otmari huniuliza kwenye simu, "Unaonaje, nimalizie mkataba, au nirudi?" Nami kila mara humjibu, "Fanya unavyoona." Nilidhani huko ndiko kumheshimu. Nilitaka arudi kwa kutaka mwenyewe, nisije nikamsikia siku moja anasema mimi ndiye niliyemtoa mjini. Lakini na yeye amekaa kule anasubiri niseme. Nimeligundua jana, nimeketi kwenye ngazi za watu, nguo zimelowa. Huyu ameshika nusu, mimi nimeshika nusu, kila mmoja anaitunza ya kwake vizuri.

Namtamani. Niandike tu, hakuna anayenipiga. Natamani kusikia mtu akihamisha mpira nyuma yangu bila mimi kugeuka.

Wini anajigeuza kitandani, ataamka sasa hivi. Kwa hiyo Otmari, najua huwa unasoma hapa mkiwa mapumzikoni. Sijawahi kukuagiza kitu. Ulivyotuma vyote nimeshukuru, hata hizo za njano. Leo naagiza, na nimeandika taratibu usikosee. Nguo za mtoto zinatosha, usitume. Simu hii bado nzima.

Ninavyohitaji ni hivi:

Ile nusu ya shaba. Si inayofanana nayo. Itoe kwenye funguo.

Raba zake nyembamba za ndani, ziwe na za akiba, maana zinakauka.

Klipu za chuma za kukazia mpira, nisirudie tena kufunga kwa meno.

Mpira wa maji mrefu, wa kutoka bomba la nyuma la pale ziwani mpaka upande wa mbele.

Na fimbo yako ndefu, hiyohiyo unayofanyia kazi. Nimeshauliza stendi. Kitu kirefu namna ile hawakipokei kama parseli. Wanasema lazima kisafiri na mwenyewe.