Mkunga Aliyeitwa Chuma

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimefika mahali sijielewi. Nimefanya ukunga miaka kumi na sita na wenzangu wodini wananiita Chuma kwa kuwa hawajawahi kuniona nikilia, na jina hilo nililipenda, mpaka mwezi uliopita mama mmoja alipojifungua mtoto ambaye hakulia, tukahangaika naye wee, ikashindikana, nikamfunika, nikanawa mikono nikakimbilia kitanda cha pili ambako mwingine alikuwa anasukuma. Niliporudi nikamkuta muuguzi wetu mpya amekaa na yule mama wameshikana mikono, wanalia wote wawili, nikamwita pembeni nikamwambia, "Machozi kalilie kwenu, hapa ni kazini." Akanijibu taratibu, "Dada, alikuuliza mtoto wake alikuwa wa kike au wa kiume, ukapita tu." Mshauri, naapa sikumsikia.

Tangu siku hiyo hata watoto wanaozaliwa wazima hawanifurahishi, nawapima, naandika uzito, nampa mama hongera kama mtu anayesoma tangazo, na zamani nilikuwa nawaimbia. Juzi nimemsikia mwanangu akimwambia baba yake, "Mama amechoka, tusimsemeshe." Nimeandika barua ya kuhamia stoo ya dawa, iko kwenye mkoba. Niipeleke, au nijikaze kama kawaida yangu?

Chuma

Dada yangu, pole, tena ya dhati. Kumkimbilia yule wa kitanda cha pili hukukosea, alikuhitaji. Ila yule muuguzi, binti wa watu, ulimwonea, na unajua. Kujikaza kunamvusha mtu zamu moja. Wewe umejikaza miaka kumi na sita, sasa unashangaa furaha imekwenda wapi? Huzuni na furaha hupita mlango mmoja, nawe umeukomea.

Kesho anza na huyo muuguzi, mwombe radhi. Kisha mwone msimamizi wa wodi, omba likizo ya wiki mbili, na sababu usiifiche. Ukimwambia kichwa kinauma, utakuwa umenipotezea wino. Mumeo msimulie habari ya yule mtoto, yote, mwanzo hadi mwisho. Na yule mama akija kliniki, usimkwepe, kaa naye.

Ukirudi kazini ukaona moyo bado mzito, peleka barua bila aibu, stoo nako wanahitaji watu makini. Ila usihame kabla hujalia.