Nadhiri Nisiyoiweka Mimi

Jumatatu, 12 Februari

Ruhusa nimepata! Meneja wa kinu alinung'unika kidogo, mpunga unaingia kwa malori na anayepima unyevu ni mimi. Lakini amesaini. Ijumaa ya tarehe 23 mchana tunaondoka, tunakula sikukuu ya Wabudha ya Makha huko huko, Jumatatu jioni tumerudi. Cha-am, pwani! Nimeshapiga simu. Mama wa nyumba ya wageni ametushikia chumba cha chini, maana Tonkla ana miaka miwili na kila ngazi kwake ni mchezo.

Fai nilimwambia tukila. Akaweka kijiko chini. Akauliza kama ni bahari ile niliyomwahidi hospitali. Ile ile, mwanangu. Mwezi wa nane alipolazwa na dengi, kila wakipima damu hali mbaya zaidi, nilimwambia akipona nitampeleka akaione. Ana miaka mitano. Sisi wa Nakhon Sawan tunajua mto tu.

Mama mkwe alisimama. Alikusanya sahani kabla watu hawajashiba. Mume wangu Krit anasema ni goti linamsumbua mama yake.

Jumatano, 14 Februari

Goti wapi!

Leo kanifuata uani nikianika nguo. Anashika pindo la shuka kama ananisaidia.

"Mama Fai, safari ya kustarehe haiwezi kutangulia. Kuna nadhiri haijaondolewa."

Nikamwuliza nadhiri gani. Akasema wakati Fai amelazwa alikwenda hekalu la Nong Sano, akapiga magoti mbele ya sanamu ya mtawa mkongwe, akaahidi mtoto akipona tutamlipa. Nikasema sawa, Mama, mayai ya kuchemsha, ngoma, tutapeleka, nitachemsha mia mbili mwenyewe.

"Si mayai."

"Basi nini?"

Akaitazama shuka. "Nywele zako. Unyoe kichwa, uvae nguo nyeupe, ukae hekaluni siku tatu."

Nywele zangu! Zangu mimi! Zinafika kiunoni, nimezilea tangu kabla ya kuolewa! Nikamwuliza kwa nini hakuahidi za kwake. Akajishika kichwa, akasema hizi zake nne nani anazitaka. Alitafuta kitu ninachokipenda, maana kitu cha bure hakipokelewi.

Sijawahi kusikia. Mtu anaweka nadhiri kwa kichwa cha mwenzake, halafu ananyamaza miezi sita, na anachagua kusema siku nilipopata ruhusa.

Siku tatu. Nami nina siku hizo hizo tu mpaka mwaka mpya wetu wa Kithai wa mwezi wa nne, na mwaka mpya kinu kimeshatupangia zamu.

Usiku: Krit alijua. Ndiye aliyempeleka kwa pikipiki! Anasema alidhani mama yake atasahau. Nimempa mto wake akalale sebuleni.

Ijumaa, 16 Februari

Nilimsimulia Orathai kazini nikitegemea atacheka. Ana diploma ya maabara huyu, mashine zote anazijua kuliko fundi. Hakucheka. Alirudi nyuma hatua moja, kama nina upele.

"Miezi sita, na bado hujaondoa?"

"Sikuiweka mimi, Orathai."

"Lakini mtoto alipona."

Alipona kwa sababu ya dripu na daktari ambaye hakulala siku mbili! Nimemwambia hivyo. Akasema ndiyo, bila shaka, daktari pia.

Daktari PIA.

Jumapili, 18 Februari

Nimetumia akili. Nimempigia mtawa mkuu wa Nong Sano mwenyewe. Mzee mpole, kuku wanalia nyuma yake. Amesema nadhiri humfunga aliyeitamka. Mimi sina kosa lolote, niwapeleke watoto wakaogelee, na nikipata nafasi siku nyingine nipite na maua.

Niliweka simu kwa sauti kubwa ili kila mtu nyumbani asikie. Krit akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Mama mkwe aliinamisha kichwa kwa heshima mpaka mtawa akamaliza. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Mimi sikumwahidi huyu. Nilimwahidi yule wa sanamu."



Jumanne, 20 Februari

Nimenunua: boya la Tonkla, nguo za kuogelea za mikono mirefu, dawa ya kuzuia kutapika njiani. Fai analala na nguo yake ya kuogelea. Nimemwacha.

Alhamisi, 22 Februari

Bibi yao haji. Kiti cha mbele cha pikapu tulishamwekea mto kwa ajili ya goti. Anasema atabaki atuombee njia nzima. Yaani ananiambia kwa adabu kwamba tutakufa njiani!

Fai akamng'ang'ania, Bibi twende, Bibi tutachimba mchanga. Akamwambia nenda na mama yako, mimi nimeshaona maji mengi. Kisha akaingia jikoni akaanza kutengeneza nyama za mishikaki na wali wa kunata wa safari yetu. Kazi mpaka saa tatu usiku. Nimekasirika zaidi. Angenuna tu ingekuwa rahisi.

Tunaondoka kesho saa tisa. Basi. Nimesema.

Ijumaa, 23 Februari

Saa mbili asubuhi. Fai ana joto. Thelathini na nane kasoro. Mafua, watoto wa chekechea wote wana mafua, mwalimu alishatuambia.

Saa nne. Thelathini na nane na nusu. Nimemtazama ngozi kila mahali, mikono, tumbo, nyuma ya magoti. Hakuna madoa. Mwezi wa nane pia mwanzoni hayakuwepo. Nimepiga simu zahanati, nesi anasema nimpe dawa ya homa na maji mengi, isiposhuka mpaka jioni nimlete apimwe damu.

Saa sita. Nimempa dawa. Amelala. Pikapu imepakiwa, boya liko juu ya mizigo. Krit anazunguka uani anapiga tairi mateke.

Mama mkwe hajasema neno! Neno moja! Amekaa kando ya Fai na kitambaa chake cha maji, anakamua, anamweka kipajini. Laiti angeniambia "nilikuonya", ningekuwa na la kumjibu, ninalo tayari tangu Jumatano ya wiki iliyopita. 

Saa saba na robo. Nimemwambia Krit alete mashine ya kunyolea. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia asiniulize maswali, anyoe. Siamini. Niandike hapa wazi: SIAMINI. Ila nikikaa tena na kipimajoto mkononi nitapasuka.

Saa nane kasoro. Upande wa kushoto umekwisha, na mashine nayo imekwisha chaji. Nimekaa kwenye stuli uani, taulo shingoni, nywele zimejaa kwenye kanga yangu. Nywele nyingi! Tonkla anazirusha juu. Mama mkwe alitoka akaona, akaketi pale pale kwenye kizingiti, akalia bila sauti. Mimi silii. Nina hasira na watu wote wa nyumba hii.

Saa nane na dakika tano. Fai ametoka nje kwa miguu yake. Amevaa nguo ya kuogelea. Anataka wali. Nimempima mara mbili: thelathini na saba kasoro.

Ni dawa! Nilimpa saa sita, saa mbili zimepita, huo ndio muda wake wa kufanya kazi. Mtu yeyote wa maabara anajua.

Fai anaitazama nusu ya kichwa changu. Anauliza kama baharini watu wote wananyoa hivyo.

Krit anasema chaji inatosha sasa. Anauliza aendelee au tuingie garini. Mama mkwe amefuta macho, amekunja mikono, ananitazama tu. 

Nimemwambia Krit asubiri, naandika.