Mshono wa Mlevi

Jumatatu, 3 Juni

Mama kapotea tena. Kapatikana, nashukuru – lakini kapatikana stendi! Amekaa kwenye benchi na abiria, mkasi mkononi, eti anamsubiri mteja. Kinyozi wa kona ndiye aliyemrudisha. Alimuuliza, mama unakaa wapi? Akajibiwa: kwani wewe ni polisi? Kinyozi anasimulia huku anacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimezunguka mitaa yote na ndala moja, nyingine imekatika njiani.

Kaka kaja jioni. Ana kitu kwenye mfuko wa plastiki, kakiweka mezani kando ya kikombe chake. Hakukitaja mpaka chai ilipoisha. Komeo. Jipya, zito, la chuma. Anataka chumba cha Mama kifungwe kwa nje, kila ninapokuwa na kazi.

Nikamwambia Mama si kuku.

"Kuku ana afadhali," akasema. "Jua likizama anarudi bandani mwenyewe."

Tukaishia hivi: akipotea mara moja tena, komeo linafungwa. Mara moja tu. Kaliacha hapa kwangu, juu ya kabati la vyombo, nilione kila nikichukua sahani.

Jumanne, 4 Juni

Nimempeleka Mama zahanati. Muuguzi anasema nimwandikie namba yangu ya simu kwenye nguo, atakayemwokota apige. "Atakayemwokota" – kama vile Mama ni kitambulisho.

Niandike na nini? Wino hufutika. Karatasi mfukoni Mama ataitafuna au ataitupa. Basi nitashona. Zigzagi ipo, ule mshono wa kwenda kushoto na kulia, ya nini kuhangaika?

Nikiifikiria, nusu ya maisha yetu humu ndani sasa inashikwa na zigzagi. Vifungo vimemshinda tangu mwaka jana, nikavitoa vyote, nikatia lastiki. Lastiki ukiishona kwa mshono wa kawaida uzi unakatika ikivutwa, kwa zigzagi unavutika nayo. Mataulo mawili makuukuu nimeyaunga ukingo kwa ukingo, yanatandikwa chini ya shuka yake. Vitambaa vya kushikia sufuria nimevishona tabaka tabaka ili asiungue. Zipu, tepe na mabaki ya kila rangi nimevipachika kwenye kitambaa kimoja kikubwa, akiweke mapajani achezee wakati nafanya kazi. Kila anachopoteza Mama, mimi naziba kwa zigzagi.

Na yeye anavyoichukia! Cherehani yake ilikuwa ya mkono, inakwenda mbele na nyuma basi. Kashona sare za shule tatu na magauni ya maharusi wasiohesabika kwa hiyo hiyo. Aliwafundisha wasichana wa mtaa mzima, na mimi nikiwa mmoja wao. Nilipoleta ya umeme nyumbani aliitazama ikipiga zigzagi, akasema: "Huo mshono wa mlevi. Mshono ni kunyooka." Akaenda zake kulala.

Nimejaribu kwenye kitambaa cha mabaki. Unapunguza urefu wa hatua mpaka karibu na sifuri, mishono inabanana, inakuwa mstari mnene unaong'aa. Unaandika nao kama kalamu. Moja na saba hazina shida. Nane ni balaa! Kitambaa unakizungusha, mguu wa cherehani umeushusha, mkono mmoja haujui mwenziwe anafanya nini. Na namba yangu ina nane.

Alhamisi, 6 Juni

Jana nilishona namba ndani ya kola za magauni matatu. Leo asubuhi kola nyeupe pee. Uzi wote uko kitandani, kaukusanya kifungu kimoja kama anavyofanya fundi anayeheshimu kazi yake.

Nyembe nilizificha zamani. Katumia kibanio cha nywele. Na hakuna uzi hata mmoja wa kitambaa uliovutika, hakuna tundu, hakuna doa. Mtu aliyesahau kijiko kinaingia wapi! Mikono yake bado inajua kufumua.

"Nani kakufundisha kazi, we mwanafunzi?" kaniuliza.

Wewe, Mama.

Kaguna. "Basi sikukufundisha vizuri."

Nilikwenda jikoni nikalia. Kwa hasira, si kwa huzuni – humu hakuna anayesoma, naweza kusema. Nililitazama lile komeo kabatini na nikaona raha yake. Nikaona nimekaa, nashona, mlango umefungwa, kimya. Nikaosha uso.

Ijumaa, 7 Juni

Nimezishona upya. Mgongoni, kwa uzi mweusi, tarakimu kubwa. Mgongoni hafiki.

Jumapili, 9 Juni

Afadhali ningelala tu leo.

Kaka na wifi walikuja baada ya chakula. Mama alikuwa uani, kawapa mgongo. Kaka akasimama mlangoni. Namba nyeusi, toka bega hadi bega. Akauliza kama Mama amesajiliwa timu gani. Kisha sauti ikabadilika. Ati nimemfanya Mama mfungwa. Nani! Mimi! Mwenye komeo ananiambia mimi habari za wafungwa!

Tukapayuka. Wifi, maskini, akajaribu kutuliza, kwamba afadhali namba kuliko hakuna. Kaka akamwambia anyamaze, ananyamazishwa yeye kwa kosa langu. Nikamkumbusha Kaka kwamba anayemwogesha ni mimi, anayembadilisha ni mimi, na sijawahi kumpigia simu kulalamika, maana ng'ombe haelemewi na nunduye.

"Nundu haiondoki ikaenda stendi peke yake," akasema.

Lakini hapo hapo akakaa kwenye ngazi. Akasema polepole, bila kunitazama, kwamba simu yake ikiita na namba asiyoijua, mkono unakufa ganzi. Anafikiri ni mochwari. Kila simu. Hata ya mteja.

Sikujua. Ningeweza kumshika bega. Sikumshika.

Mama akageuka, akatuuliza: "Nyie wageni mmeandaliwa chochote?"

Wifi akacheka, akaanza kulia katikati ya kicheko. Walipoondoka nilimvua Mama lile gauni na kulifumua mwenyewe. Kaka mshari, lakini kwa hili alisema kweli. Mama alivaa vizuri maisha yake yote. Hawezi kumalizia na namba mgongoni kama gunia la saruji.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata!

Niliota kazi, naamka najua. Kwa nini namba ionekane kama namba? Nimechukua gauni la rangi ya maziwa, nikachora kwa chaki mzabibu unaozunguka mkono wa gauni, karibu na kiganja. Uzi wa kijani. Majani kwa zigzagi: unaanza nyembamba, unaizungusha ile swichi ya upana taratibu huku cherehani inakwenda, jani linanenepa, kisha unairudisha, linachongoka. Jani kwa jani. Na katikati ya majani, zimetulia kama matunda, tarakimu. Anayepita mbali ataona urembo. Anayemshika mkono ataona namba. Na si ndivyo hasa? Namba ni ya yule atakayemshika mkono.

Nilikuwa kwenye jani la tatu nikasikia pumzi nyuma yangu. Mama. Kasimama sijui tangu saa ngapi. Nikaogopa atalinyakua. Akainama, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Usivute," akasema. "Acha mashine ivute yenyewe."

Tukashona. Mkono wake umekuwa mwepesi, mifupa na ngozi. Lakini ulijua. Ulijua kitambaa kitapinda wapi kabla mimi sijajua. Jani la nne na la tano ni yetu sote wawili na ndiyo mazuri kuliko mengine, mtu asinidanganye.

Akauliza gauni la nani. Lako, Mama. Akauliza tena, la mteja gani? Nikasema: mteja ni wewe. Akafurahi mno. Akaniambia nimtoze vizuri, kwa sababu anamfahamu, ni msumbufu.

Jumatano, 12 Juni

Kalivaa. Hajalifumua!!

Asubuhi nilikagua kitanda. Hakuna uzi. Mchana tena. Hakuna. Amekaa uani anapapasa majani na kidole kimoja, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma. Muuza maziwa kamsifu, naye kamwambia ni kazi ya mwanafunzi wake. Sikumsahihisha. Niwe mwanafunzi, potelea mbali.

Nimempigia Kaka, nikamwambia aje alichukue komeo lake akafungie stoo. Kasema tungoje tuone. Ubishi wake! Lakini sauti ilikuwa ya mtu anayetabasamu.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua tangu alfajiri. Gauni la maziwa liko kwenye kamba ndani, halikauki. Nimeharakisha kupamba la bluu apate la kubadilisha. Uzi wa njano. Wazazi wawili wamekuja kufuata sare, hazijaisha, wamenuna. Mgongo unauma. Mama hakutaka chai, hakutaka mkate, hakunitaka mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Hayupo.

Naandika kwa sababu Kaka kasema mmoja lazima abaki nyumbani na simu, na mikono yangu haiwezi kukaa bure, na kushona siwezi.

Ilikuwa hivi. Mteja kaja na mtoto wa kupimwa suruali. Mtoto hatulii, kipimo mara mbili mara tatu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, kitambaa cha mazipu mapajani. Nimeinua kichwa – kitambaa kiko kwenye kiti. Lango wazi. Mteja ndiye aliyeliacha wazi alipoingia, lakini mwenye nyumba ni mimi.

Kaka kafika na pikipiki. Nilidhani atapiga kelele. Alitazama juu ya kabati, kisha akaniuliza Mama kavaa nini. Gauni la bluu, nikasema, lina majani ya njano mkononi, na namba ipo. Akatikisa kichwa, akaondoka. Kinyozi naye kafunga duka, kaenda upande wa stendi.

Mvua imeanza tena. Nyembamba, lakini baridi.

Simu iko hapa. Imejaa chaji. Nimeipandisha sauti mpaka mwisho. Namba ipo, Mama kalivaa, mtu atamshika mkono, atasoma, atapiga. Ndiyo kazi yake. Wanaosema dua wanajua maneno yake, mimi ninayo haya tu.

Baadaye.

Imeita! Namba nisiyoijua. Mkono ukafa ganzi kweli, Kaka hakutia chumvi.

Mwanamke. Anasema yeye ni fundi cherehani, duka lake liko ng'ambo ya soko, kaona hii namba kwenye mkono wa gauni. Niliruka! Nikamwambia mpe kiti tafadhali, mpe maji, usimwache atoke, nakuja sasa hivi, dada yangu Mungu akubariki. Nilisema yote kwa pumzi moja.

Akangoja nimalize. Akasema: gauni ndilo lipo.

Nikamuuliza gauni ndilo lipo maana yake nini.

Akaeleza. Kaingia bibi mmoja, nadhifu, mpole, anaongea kama mwenye kazi yake. Kasema kuna mshono umeharibika, anataka urekebishwe. Kamwonyesha. Hii nane, kasema, imelewa, ifumue uipige upya, usivute. Fundi akamwambia sawa mama, ngoja nimalize na huyu mteja. Bibi kaingia nyuma ya pazia la kupimia. Fundi alipogeuka, gauni liko juu ya meza, limekunjwa mikono ndani, kama linakwenda kwa mwenyewe. Pazia wazi, bibi hayupo. Alidhani bibi alikuja na nguo nyingine ya kubadilisha. Ndipo alipotazama hiyo nane na kuona ni namba ya simu.

Nimeuliza ni muda gani. Kasema kitambo. Alikuwa na wateja.

Nane. Jana uzi wa bobini, ule wa chini, uliniishia katikati yake. Ilipasa kufumua na kuanza upya, mtoto wa mwaka wa kwanza wa ufundi anajua. Nikaunga juu kwa juu. Mgongo ulikuwa unauma, sare zilikuwa zinangoja, nikasema nani atajua.

Fundi anasema hatalishona mpaka nifike, ananihifadhia. Anasema pole. Ana sauti nzuri. Nilitaka kumtukana.

Chini ya gauni Mama kavaa shimizi. Nyeupe, nyepesi, lastiki kiunoni, nimemshonea mwenyewe. Namba sikuiweka. Ningeiweka ya nini? Nani anamwona mtu shimizi?

Simu inaita tena. Ni Kaka. Yuko huko kwenye mvua, anawasimamisha watu na kuwauliza wamemwona mama mzee mwenye gauni la bluu.